Ukaguzi wa Glanza, Mtaa wa Isevya

Umeniuliza, Mihayo, kama ununue.
Basi shika tochi, chuchumaa upande huu,
nikusomee gari linavyosomeka:
kuanzia chini, si kuanzia kwenye rangi.

Starlet Glanza, ya mwaka tisini na saba.
Milango mitatu, na wa tatu ndio mgongo wenyewe.
Ukishauinua uuegemeze na fimbo,
maana mikono yake ya gesi ilichoka zamani.
Fimbo ni ya mninga. Imo kwenye bei.

Injini: silinda nne, lita moja na nukta tatu.
Usicheke. Najua, ndoo ya asali inazidi hapo.
Lakini tazama hiki kikonokono cha chuma ubavuni.
Turbo. Kinazungushwa na moshi ambao magari mengine
yanautema tu barabarani, nacho kinaishindilia injini hewa
kama mama anayemlisha mtoto uji kwa kumziba pua.
Farasi mia na thelathini na tano, kiwandani.
Leo tuseme mia na kumi.
Waliobaki ni punda.

Uzito, kilo mia tisa na ushee.
Ukipishana na lori la tumbaku njia ya Urambo
shika usukani kwa mikono miwili.

Gia tano. Ya pili ina kiburi,
haiingii mpaka uiombe mara mbili.
Klachi nzito; kabla ya kufika Nzega
goti la kushoto litakuwa limekutukana.
Shokapu za nyuma zimekufa ila hazijazikwa:
tuta la pale karibu na stesheni
litakuhesabia pingili za mgongo, moja moja.
Rejeta safi. Oili nyeusi, lakini haina maziwa,
kwa hiyo gasketi ni nzima. Hilo ni kubwa.

Na kuna kitufe, hapa, karibu na usukani.
Kikiwa chini, ni gari la katibu wa kwaya.
Kikiwa juu...

Jana usiku nililijaribu, natoka Kipalapala.
Nikakanyaga. Kwanza hakuna kitu,
kimya cha mtu anayetafuta neno.
Halafu, mshale ulipovuka elfu tatu, filimbi,
na kiti kikanisukuma mgongoni
kama shangazi aliyechelewa msibani.
Nina miaka hamsini na minne, Mihayo.
Nilicheka peke yangu hadi taa za mjini.
Hilo sijui nikuandikie wapi.

Sasa lete tochi. Hapa, kwenye manifodi.
Zitazame bolti. Hii, hii, hii, za Kijapani.
Ile ya mwisho, nyuma kabisa, kichwa chake kikubwa,
ile ni ya mashine ya kukobolea mpunga, Cheyo.
Nimeijuaje?
Niliiweka mimi.

Kijana mmoja, Nkwabi, alikuwa anawahi harusi,
bolti ikakatika mkononi mwangu, Jumamosi, maduka yamefungwa.
Nikachonga uzi upya, nikaikaza hii,
nikamwambia ni halisi, nikamtoza bei ya halisi.
Moyoni nikasema: atarudi Jumatatu na hitilafu nyingine,
nitaibadilisha kimyakimya.
Hakurudi. Akaliuza Kahama.

Miaka kumi na mitatu. Wenye gari wanne.
Ule mlio wa asubuhi, tsi, tsi, tsi, injini ikiwa baridi,
ule ambao muuzaji anakwambia ni tabia ya turbo,
si tabia ya turbo.
Ni mimi.

Ununue? Mkeo ana mimba na gari lina milango mitatu;
hayo mkayaongee nyumbani.
Anataka milioni sita. Mpe tano, umtajie shokapu.
Bolti usimtajie, hiyo si yake.

Ila ukilichukua, lilete Jumatatu.
Usije na hela.
Nilishalipwa.